Beringi Isiyo na Kosa

Katika gereji ya Masikio redio ilikuwa marufuku. Aliyetaka kusikiliza mpira alivuka barabara akasikilize kwa kinyozi. Gari lilipowashwa, hata mteja aliyefunga tai alinyamazishwa kwa kidole kimoja cheusi cha grisi. Fundi alifumba macho, akainamisha kichwa kama mtu anayenong'onezwa siri na mtoto, kisha akatoa hukumu kwa neno moja: "Mkanda." Au: "Vali." Watu walifungua, wakakuta ndivyo. Hiyo ndiyo asili ya jina lake. Lile alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho, likitumika siku za benki na hospitali.

Hata mke alimpata kwa sikio. Ujanani alipeleka suruali ipunguzwe kwa binti mmoja mshonaji, akasimama mlangoni bila kusema lililompeleka.

"Karibu, kaka. Mbona umeganda?"

"Dada, cherehani yako inalalamika. Kuna uzi umejisokota kule chini kwenye bobini."

"Umeleta suruali au umeleta masikio?"

Aliazima bisibisi, akafungua, akavuta kijifundo cha uzi mwekundu ambao binti hakumbuki alishona nguo gani nyekundu. Cherehani ikatulia. Suruali ile ilichukua muda mrefu ajabu kumalizika, na kila mwenye macho mtaani alijua sababu. Tangu hapo watoto wamezaliwa, wamekua na wameondoka, na cherehani ile ile ingali inakimbia katika chumba cha mbele bila kulalamika.

Alikuwa mtu mnyoofu. Hakuwahi kumuuzia mteja kifaa asichokihitaji, wala kurudisha cha zamani kilichopanguswa na kuitwa kipya. Lakini uaminifu una vyumba vingi, na mtu anaweza kufagia vyote akaacha kimoja kimefungwa. Mwaka uliopita, tairi la lori lilipasuka likiwa linajazwa upepo, naye alikuwa amechuchumaa kando yake, sikio la kulia likilielekea. Hakukatika hata ukucha. Ila birika lilianza kupiga mluzi ndani ya sikio lile, likapiga siku na siku, kisha likanyamaza. Liliponyamaza, upande wote wa kulia wa dunia ulinyamaza nao.

"Litazibuka," alijiambia.

Alitia mafuta ya vuguvugu, alirukaruka kwa mguu mmoja kama mtoto aliyetoka mtoni, alipiga miayo hadi taya likauma. Halikuzibuka. Hakumwambia mtu ndewe wala sikio, hata mkewe. Mtu aitwaye Masikio angemwambia nani kwamba amebaki na moja?

Basi asubuhi moja lango lilifunguka likaingia gari la mama mkwe. Lilikuwa gari kuukuu la buluu, lililooshwa hadi kwenye mikunjo ya milango. Mwenyewe alikuwa karani wa mahakama mstaafu, mwanamke mwembamba aliyeketi wima hata kwenye sofa, na ambaye miaka ya kuandika maneno ya wengine ilimfanya achague ya kwake kwa makini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuletea mshitakiwa." Aliligonga gari begani. "Linavuma. Nikiongeza mwendo nalo linaongeza sauti, kama nyuki ndani ya debe. Na kesho alfajiri naondoka kumwona dada yangu, hali yake si nzuri. Mkeo ananisindikiza. Ule mteremko wenye kona unaujua. Sitaki gurudumu litangulie kufika."

"Halitatangulia, mama. Hebu tulisikilize."

Masikio alishika usukani, upande wa kulia, mama mkwe akakaa kushoto, mkoba magotini. Walitoka hadi barabara ya maghala, ambako lami ni nzuri na kuta zinarudisha sauti. Alipokanyaga mafuta, uvumi ukaja, mzito, wa duara. Na ulikuja kutoka kushoto, waziwazi, kama mtu anayeita kwa jina.

"Beringi ya gurudumu la mbele," alisema. "Kushoto."

"Una hakika?"

"Mama, hiyo sauti iko hapo miguuni pako."

Mama mkwe alitazama miguu yake, kisha akatazama ya mkwewe. "Mimi nilidhani iko upande wako. Lakini mimi si fundi." Akafungua mkoba. "Nimenunua mbili, za pande zote. Vitu vilivyozaliwa pamoja huchoka pamoja."

"Moja itatosha. Hiyo nyingine itunze kwenye buti."

Hapa ndipo alipopotoka, wala si pale alipopoteza sikio, maana kuumia si dhambi. Alikuwa na sheria yake, aliyowafundisha mafundi wote waliopita mikononi mwake: kabla ya kugusa spana, inua magurudumu yote mawili ya mbele, yazungushe moja moja kwa mkono, ndipo useme. Siku hiyo hakuinua la kulia. Kuliinua kungekuwa kuuliza swali ambalo alikwisha amua lisiulizwe.

Mama mkwe alikwenda kumngojea nyumbani kwa binti yake, na kazi ikaanza.

Gari lililokula miaka ya mvua na matope halitoi kitu kwa hiari. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu ilikuwa imeshikana na shafti kama ndugu wanaogombea kiwanja. Masikio alivika bomba refu kwenye mkono wa spana akalining'inia, miguu hewani, na ndipo ikalia kwa uchungu na kuzunguka. Aliinua gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye stendi, akatoa tairi, akafungua breki na kuining'iniza kwa waya ili mpira wake usivutike. Kila bolti ilidai mafuta, subira, na maneno ambayo hangeyasema mbele ya mama mkwe. Mwishowe aliubeba mikononi ule mkono mzito wa chuma unaoshika gurudumu, na ndani yake beringi ilikaa kama jino katika ufizi.

Ilibidi amwite shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, mchomeleaji wa vyuma, kibanda chake ubavuni mwa gereji. Kwa kazi yake na kwa ulimi wake watu walimwita Cheche. Alikuwa ametengeneza fremu nene ya chuma ambayo, ukiiweka jeki katikati, iliweza kusukuma kitu kikatoka kwenye tundu lake.

"Shemeji," alisema Cheche akiitazama beringi, "hii haijakaa humu. Hii imehamia, imeoa na imezaa."

"Acha maneno, pampu jeki."

"Napampu. Lakini kama fremu hii itaruka, uje ujieleze kwa dada yangu kwa nini umenipasua uso huu mzuri."

"Uso gani?"

"Haya, haya. Wivu si dawa."

Cheche alipampu, fremu ikaguna, chuma hakikusogea. Walipaka mafuta wakangoja. Walipasha moto kwa mtungi wa gesi hadi rangi ya chuma ikageuka. Walipampu tena, wote wawili wakiwa wameegemeza uzito wao kwenye mkono wa jeki, na ghafla kukatokea mlio kama bunduki. Cheche akalala chini kifudifudi.

"Umekufa?" aliuliza Masikio.

"Sijui. Ngoja nijipapase."

Haikuwa fremu. Beringi ilikuwa imekubali nusu: pete yake ya ndani ilitoka, gololi zikamwagika sakafuni zikikimbia kila upande, na pete ya nje ikabaki imeng'ang'ania tunduni. Cheche alicheka hadi akakohoa, kisha akaufuata mtambo wake. Alizungusha mstari mwembamba wa kuchomelea ndani ya ile pete iliyobaki. "Sasa tuiache ipoe," alisema. "Chuma kikipoa kinajikunyata. Kitaachia chenyewe, kama mgeni aliyechoka kukaa."

Wakati wanangoja, Masikio aliinama kuokota gololi. Aliifuta moja kwa kitambaa, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango.

Ilikuwa safi. Haikuwa na mkwaruzo wala kovu, na grisi iliyoizunguka ilikuwa bado na rangi ya asali. Alifuta ya pili na ya tatu. Aliokota ile pete ya ndani na kupitisha ukucha katika mfereji wake, akitafuta shimo dogo au ganda la chuma lililobanduka. Ukucha uliteleza kama kwenye kioo. Beringi hii haikuwa na kosa lolote. Ingeweza kutembea miaka mingine mingi. Alikuwa ameipasua bure.

Aliitia gololi mfukoni mwa ovaroli.

Pete ya nje ilipoa, Cheche akaigonga kwa patasi, ikadondoka kwa sauti ndogo ya aibu. Masikio alisafisha tundu na kuingiza beringi mpya taratibu, akisukuma kwenye pete ya nje peke yake, maana ukiisukuma ya ndani unaiua kabla haijafanya kazi siku moja. Mikono ilifanya kazi nzuri kama kawaida. Kichwa kilikuwa mbali. Huenda, alijiambia, ubovu ulikuwa mdogo, hauonekani kwa jicho. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada.

Alirudisha kila kitu, akakaza nati, akaliendesha gari peke yake hadi barabara ya maghala.

Likavuma, sauti ile ile ya nyuki ndani ya debe, na kutoka kule kule kushoto, ambako sasa palikuwa na beringi mpya iliyotoka kwenye karatasi.

Alisimamisha gari kando ya ukuta akazima injini. Hapo, katika ukimya, alielewa, na alielewa yote kwa pamoja. Tangu mwaka jana, nani aliyewahi kumwita kutoka kulia? Kinyozi aliita kutoka kushoto. Hodi za wateja zilitoka kushoto. Mvua, mbwa, kengele ya baiskeli, vyote kushoto. Dunia haikuwa imehamia upande mmoja. Ila mlango ulikuwa umebaki mmoja, na kila aingiaye alipita hapo hapo.

Na ni magari mangapi aliyoyahukumu kwa mwaka mzima?

Alirudi polepole. Aliinua gurudumu la kulia. Kwa mkono mmoja alilizungusha, mwingine akaukunja juu ya springi iliyo nyuma yake. Hakuhitaji sikio. Springi ilitetemeka kiganjani kama punje za mchanga zinazosagwa kwenye jiwe. Alishika springi ya kushoto akazungusha gurudumu lake, ikawa shwari kama maji ya mtungini.

Cheche alikuwa amesimama nyuma yake, kinyago cha kuchomelea kimepandishwa kichwani.

"Kumbe ilikuwa ya kulia?"

"Ilikuwa ya kulia."

"Aa! Sasa ndiyo unanuna? Beringi nyingine si ipo kwenye buti? Ifunge. Mwambie mama zote mbili zilikuwa zimechoka, mafundi wote hubadilisha mbili kwa pamoja. Na mwenyewe kashasema vilivyozaliwa pamoja huchoka pamoja. Utamfurahisha! Nani atajua?"

Ulikuwa uongo mzuri. Ulikuwa umevaa vizuri, umechana nywele, na haukumdhuru mtu. Mama mkwe angesafiri salama. Jina lingebaki jina. Masikio aliugeuzageuza kama alivyoigeuza ile gololi na hakuona kovu popote. Ila gari la kesho kutwa lingekuja, na la wiki ijayo, na siku moja lingekuja lenye breki mbovu upande wa kulia, likiwa limembeba mtu na wanawe.

Sauti za wanawake zilisikika langoni. Mkewe na mama mkwe walikuja na chai ya chupa na kapu la chakula. Masikio alikuwa amesimama mbele ya boneti, ubavu wake wa kulia ukielekea langoni. Aliona jambo ambalo lazima lilikuwa limetokea mara nyingi mbele ya macho yake. Mkewe, badala ya kumfikia moja kwa moja, alizunguka gari zima, akaruka waya wa mtambo wa Cheche, akapita kwa shida kati ya pipa na ukuta, akaja kusimama kushoto kwake. Ndipo akasema, "Pole na kazi, mume wangu."

Masikio alimtazama. Akakumbuka kitanda kilichohamishwa chumbani, ati upepo wa dirisha unamuumiza mama watoto shingo. Akakumbuka kiti chake cha mezani kilichobadilishwa upande, ati mguu wake umelegea. Alikuwa amekitengeneza mguu ule ambao haukuwa umelegea hata kidogo.

"Tangu lini umejua?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Ukilalia sikio la kushoto husikii mvua kwenye bati," alisema mkewe. "Nani asiyesikia mvua kwenye bati?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakungoja wewe uniambie. Nimechoka kuhamisha samani."

Mama mkwe alikuwa akiwatazama, mkoba mkononi. "Kuna nini? Gari limekwisha?"

Cheche alimkonyeza shemeji yake kwa nguvu hadi uso wote ukakunjana. Masikio alitoa gololi mfukoni akaiweka kwenye kiganja cha mama mkwe.

"Halijakwisha, mama. Nilitoa beringi isiyo na kosa. Hii hapa, tazama, haina hata mchubuko. Mbovu ni ya kulia, kama ulivyosema. Nilikosea kwa sababu sikio langu la kulia halisikii tangu lile tairi lilipopasuka, na kila sauti naiona iko kushoto. Nilijua sikio limekufa, nikaficha. Na sikuinua magurudumu yote mawili, kwa kiburi. Nitafunga ya kulia sasa hivi. Ukitaka fundi mwingine alikague kabla ya safari, ni haki yako, wala sitaona vibaya."

Cheche alishusha kinyago usoni kama mtu anayefunga dirisha.

Mama mkwe aliigeuza gololi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Nimeandika kesi maisha yangu yote," alisema. "Wengi walikiri baada ya mashahidi kumaliza. Wachache sana walikiri kabla shahidi wa kwanza hajaitwa." Aliitumbukiza gololi katika mkoba, akaufunga. "Fundi mwingine wa nini? Nikirudi kutoka kwa dada yangu, mimi na wewe tunakwenda kwa daktari wa masikio. Nitakupeleka mwenyewe. Kwa gari hili. Na wewe uliyejificha ndani ya bati, nimekusikia ukipanga uongo tangu nikiwa langoni. Sauti yako haijawahi kuwa ndogo, hata tumboni hukunipa usingizi."

"Mama, mimi nilikuwa nachomelea tu!" ilisema sauti ndani ya kinyago.

"Chomelea mdomo."

Beringi ya kulia iligoma kuliko ya kushoto. Mkewe aliingia garini akakanyaga breki ili nati ifunguliwe, akiimba wimbo wa kushonea, na Masikio hakumnyamazisha. Walipaka mafuta, wakapasha moto, wakapampu, Cheche akalala kifudifudi mara mbili, ya pili kwa makusudi ili mama yake acheke. Ilipotoka ilitoka nzima. Masikio aliizungusha mkononi, akampa kila mmoja aishike. Ilikwaruza kama ulimi wa paka. Mama mkwe aliishika kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akamtazama binti yake, na wote wawili walijua wanafikiria ule mteremko.

Jua lilikuwa bado halijashuka chini ya ukuta wa gereji walipotoka wote wanne kulijaribu. Masikio aliendesha. Mkewe alikaa kando yake, kushoto, na walipofika barabara ya maghala Masikio hakufumba macho wala kuinamisha kichwa.

"Inavuma?" aliuliza.

Mkewe alisikiliza. Nyuma, karani mstaafu alisikiliza. Cheche alibana pumzi, akaiachia.

"Haivumi," alisema mkewe.

"Upande wowote?"

"Upande wowote."

Alikwenda mbele kidogo, kisha akasimama, akashuka, akashika springi ya kulia na ya kushoto kwa zamu huku Cheche, chini ya usimamizi wa mama yake, akizungusha magurudumu yaliyoinuliwa kwa jeki. Zote zilikuwa shwari. Tangu siku hiyo hakuna gari lililohukumiwa katika gereji ile kabla magurudumu yote mawili hayajainuliwa, na redio ya kinyozi ikaruhusiwa kuvuka barabara siku za mpira.

Walipokuwa wanarudisha jeki ndani ya buti, Cheche alimzunguka shemeji yake akaja upande wa kulia, akasema kitu. Masikio aliona midomo tu. Cheche akagundua, akazunguka tena.

"Nilikuwa nauliza, shemeji, sasa tukuiteje? Sikio? Maana moja limestaafu."

"Niite unavyotaka," alisema Masikio, akifunga buti. "Ila nijie kwa kushoto."